Bleni kwenye tangi la matumbawe nyumbani: nichague yupi, na atakula nini?

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Wakuu, habari za leo. Nina tangi la maji chumvi, lita 240, lina miezi saba. Ndani kuna mawe hai, matumbawe laini (uyoga, zoanthidi na moja la ngozi), samaki klauni wawili na konokono wachache. Joto linacheza kati ya nyuzi 26 na 28, chumvi 1.025. Mambo yalikuwa shwari mpaka mwezi uliopita, mawe yalipoanza kuvaa utando wa kijani. Kioo cha nyuma nikikisugua Jumamosi, Jumanne kimesharudi vilevile.

Muuzaji ameniambia dawa yake ni bleni, samaki yule wa kahawia anayekwangua mwani. Nimemwona dukani na kusema kweli nimempenda. Anakaa juu ya jiwe ameegemea mapezi, macho yanazunguka, moja huku jingine kule, kama anayekusoma. Ila nikitafuta habari naona kuna bleni wengi na kila mmoja anasifiwa. Nichukue yupi? Na ni kweli atamaliza mwani huu? Natanguliza shukrani.

MamaMatumbawe · Mombasa

Kaka Kibaraza, karibu sana. Naomba kesho usirudi dukani kwanza.

Huyo uliyemwona ni Salarias fasciatus. Ni samaki wa huku kwetu kabisa: yuko Bahari ya Shamu, anateremka na pwani yetu, anavuka Bahari ya Hindi mpaka Samoa. Hufikia sentimita 14, kwa hiyo lita 240 zinamtosha. Tatizo si nafasi. Tatizo ni kwamba watu wanamnunua kama fagio. Mtu ana mwani, anamleta, mwani unaisha, halafu hakuna anayejiuliza fagio litakula nini.

Wangu wa kwanza nilimpoteza hivyo. Alinisafishia mawe kwa wiki tano, nikawa nawaita majirani waje waone. Punje za chakula nilikuwa natia mara mbili kwa siku, naona zinaliwa, nikajua wote wameshiba. Kumbe klauni na wenzao wanazimaliza juu, na yeye ni samaki wa kukaa jiweni, hapandi kugombania. Wiki ya kumi nikamkuta kalala mchangani, kichwa kikubwa, mwili kama utepe. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikufa njaa ndani ya tangi lililokuwa linapendeza, na mimi niko pale nikimtazama kila jioni. Ndiyo maana anayeuliza habari za bleni huwa namwandikia kirefu, anisamehe.

Mdomo wake una meno membamba, mengi sana, yamepangana kama kitana. Anayatumia kukwangua utando ulioshika jiweni. Mwani mrefu wa nyuzinyuzi, ule unaoyumba kama nywele, mara nyingi anaupita tu. Tena anachomeza si mwani mtupu: anakwangua pamoja na zile takataka laini zinazotuama juu ya jiwe, na humo ndimo kilimo chakula chake kingi. Sasa tangi changa, hata likiwa kijani kibichi, linakuwa bado halijamwekea akiba. Miezi saba bado ni mapema kidogo. Mimi ningesubiri mwaka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bleni gani ni mzuri, niambie hivi: maji ya kuongezea yanatoka wapi, taa inawaka saa ngapi kwa siku, na unalisha kiasi gani? Mwani wako una chanzo, na chanzo hicho hakuna samaki atakayekitoa.

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Dada, umenigusa. Maji ya kuongezea ni ya bomba, nayaacha usiku kucha klorini itoke. Nina feni juu ya tangi kwa ajili ya joto, kwa hiyo yanapungua karibu lita tatu kila siku. Taa saa 11. Chakula mara tatu. Maji ya bahari yenyewe napata kwa kijana mmoja anayeniletea kwa madumu, sijawahi kumuuliza anachota wapi.

MamaMatumbawe · Mombasa

Hapo hapo. Lita tatu kila siku za bomba ni karibu lita 90 kwa mwezi. Maji yanapanda hewani, lakini fosfeti, naitreti (hizo ndizo mbolea ya mwani) na kila kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Kulaza maji usiku kunasaidia klorini tu. Tafuta maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakabaki karibu matupu, hata kama ni kununua, uongezee hayo. Taa iteremshe mpaka saa 8. Chakula punguza, kiwe kile kinacholiwa kikaisha ndani ya dakika mbili. Fanya hivyo wiki sita, uone mawe yatakuambia nini. Konokono ongeza wawili au watatu, wanafaa sana kwa kioo.

Bamvu78 · Unguja

Wanangu, mmenivuta. Kuhusu hayo madumu, kijana muulize. Maji ya tangi huchotwa maji yakiwa yamejaa, si yanapokupwa, maana yakipwa yanatoka na uchafu wa ufukweni. Na yachotwe mbali na mdomo wa mto na bandari. Huko Dar mkondo wa Msimbazi unaujua. Masika acha kabisa, mvua inapunguza chumvi na inasomba kila kitu kutoka mjini. Mimi nilikuwa nachukua wakati wa bamvu la kaskazi, maji yakijaa sana, bahari imetulia, maji ya nje safi yanaingia mpaka ndani. Ukifika nayo nyumbani chuja kwa kitambaa kizito, uyaweke gizani kwa siku kadhaa, pampu ikiyachezesha, na upime kabla ya kutia.

Habari ya bleni mimi ninayo ya kuzamia, siyo ya tangi sana. Nenda mwambani, ukiona kundi la anthia, wale wa rangi ya machungwa wanaotifuka juu ya matumbawe, litazame vizuri. Mara nyingi kati yao kuna mmoja hatembei kama wao. Anajikunja kama mkunga mdogo, rangi ya dhahabu ileile. Huyo ni bleni, Ecsenius midas, kajificha peupe. Anakula pamoja nao vijidudu vinavyoelea majini, na ukimkaribia anashuka mbio, anaingia kinyumenyume kwenye tundu, anabakiza uso tu nje. Nimezamia miaka mingi na bado nikimwona husimama kumtazama.

Tausi_wa_Meru · Arusha

Shikamoo mzee Bamvu. Habari zenu wote.

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu, ila nimesoma alichoandika MamaMatumbawe nikakimbia kwenye tangi langu na tochi. Ninaye Salarias, mwezi wa tano sasa. Tangi langu ni lita 150, maji natengeneza kwa chumvi ya kununua. Mawe yangu ni safi kabisa na nilikuwa naona fahari. Nimemwangalia kwa mbele: nyuma ya mapezi ya kifuani tumbo limeingia ndani, pande zote mbili. Na wiki hii nimemwona anadonoa tumbawe langu la ubongo. Nikamkasirikia. Je, amechelewa?

Bamvu78 · Unguja

Marahaba binti yangu. Subiri mwenyewe aje.

MamaMatumbawe · Mombasa

Dada Tausi, kama bado anazunguka na anadonoa, hajachelewa. Ila usingoje wikendi. Na usimkasirikie kwa tumbawe: anadonoa kwa sababu ndipo palipobaki na kitu cha kulamba. Ungekuwa na kombe wa Tridacna angemdonoa huyo vilevile. Akishiba, wengi huacha.

Leo usiku fanya hivi. Chukua karatasi za mwani mkavu za kufungia sushi, zisizotiwa mafuta wala viungo. Funga kipande kwa mpira kwenye jiwe dogo, ulilaze chini karibu na tundu lake. Watu wanabana mwani kwenye kioo karibu na uso wa maji, na Salarias wengi hawaupandii kabisa. Kama ana wasiwasi nao, usiuondoe mapema. Acha mpaka jioni ya pili, kisha badilisha.

Kesho tengeneza rojo. Mwani huohuo ulowekwe, unga wa spirulina kijiko, na uduvi mbichi kidogo, saga pamoja mpaka laini. Paka kwenye vipande vya tumbawe lililokufa lenye uso wa kukwaruza, anika kivulini mpaka rojo lishike, kisha gandisha kwenye friza. Kila asubuhi unashusha kimoja mbele yake. Huyu samaki hajui kula kinachoelea, anajua kukwangua. Ukimpa chakula kilichoshika jiweni unakuwa umemwekea mezani kwake. Na kabla ya kukishusha, walishe wengine upande wa pili wa tangi ili wamwache.

Kioo sugua cha mbele tu. Cha nyuma na vya pembeni mwachie.

Halafu kuna ndoo, na hii ndiyo iliyookoa wangu wa pili. Nina ndoo mbili kibarazani, za lita 20, zimejaa maji ya chumvi. Ndani ya kila moja mawe sita yenye ukubwa wa ngumi na kijiwe cha hewa. Zinapigwa na jua la asubuhi mpaka saa sita. Maji yanayotoka kwenye tangi ninapobadilisha ndiyo ninayoyatia humo, maana yana naitreti na mwani unayapenda. Kila siku naongeza maji matamu kufidia yaliyopaa, la sivyo chumvi inapanda. Ndani ya wiki mbili mawe yamevaa koti la kijani na kahawia. Nayachukua mawili, nasuuza kwa maji ya chumvi, yanaingia tangini. Mawili aliyoyakwangua yanarudi kwenye ndoo. Mzunguko haukatiki. Huyu wangu yupo mwaka wa nne.

Funika ndoo kwa chandarua. Msidhani chumvi inafukuza mbu wote, pwani yetu yupo Anopheles merus anayezaa kwenye maji ya chumvichumvi, na anabeba malaria. Hewa inayobubujika inasaidia kwa sababu mbu anataka maji yaliyotulia.

Tausi_wa_Meru · Arusha

Nashukuru mno. Mwani wa sushi nimepata mjini. Nimeweka saa mbili usiku, ameutazama akarudi shimoni. Nitawaambia. Jua la Arusha msimu huu ni la kuvizia, nitaweka ndoo juu ya paa la banda.

Mskati_Unguja · Muscat

Assalaam alaykum wote. Uzi mzuri huu. Huku Muscat tabu yetu ni joto, bila chila, ile mashine ya kupoza maji, huwezi kufuga. Wa Dar na Mombasa feni inawatosha miezi mingi, lakini mwezi wa pili na wa tatu pimeni joto la maji kila siku. Ikifika 30 msitie samaki mpya, oksijeni inakuwa ndogo na yeye kashachoka kwa safari.

Kibaraza, kwa kuwa umeuliza bleni gani, naomba niwataje wale ambao hutakiwi kuwanunua, maana dukani nimeuziwa mmoja. Niliuziwa kama msafishaji, yule wa bluu na mstari mweusi anayewaondolea samaki wenzake wadudu. Siku ya pili klauni wangu walikuwa mapezi yamekatwa. Kumbe ni Aspidontus taeniatus, bleni anayejifanya msafishaji. Samaki mkubwa anasimama asafishwe, huyu anamnyofoa pezi. Wanafanana kwa rangi, kwa umbo, mpaka kwa kucheza. Tazameni mdomo. Msafishaji wa kweli, Labroides dimidiatus, mdomo uko mbele kabisa ya pua. Wa uongo, pua imetokeza na mdomo uko chini yake. Plagiotremus nao ni walewale, wanaishi kwa kunyofoa ngozi na mapezi ya wenzao. Sina ubaya nao baharini, tangini hawafai hata kidogo.

Bamvu78 · Unguja

Wa alaykum salaam, yakhe. Kweli tupu. Huyo wa kunyofoa hata sisi wazamiaji anatuonja miguu.

MamaMatumbawe · Mombasa

Ahsante sana ndugu wa Muscat. Kibaraza, sasa narudi kwako.

Ukoo huu wa Blenniidae una aina takriban 400. Usichague kwa jina wala rangi, chagua kwa tumbo: anakula nini, na wewe unaweza kumpa hicho kila siku kwa miaka? Kwa tangi lako mimi naona wako hivi.

Midas, yule aliyesema mzee Bamvu. Anafika sentimita 13. Anakula vinavyoelea, kwa hiyo uduvi mdogo wa mysis na artemia wa kugandisha anapokea vizuri, na punje ndogo pia akizoea. Hatakula mwani wako. Ila atakula kile ambacho tayari unawalisha klauni, na kwa nyumba nyingi huyo ndiye bleni aliye rahisi kushibisha. Mpe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Anataka mawe yenye matundu mengi, achague lake.

Kuna Ecsenius bicolor, mbele kahawia ya zambarau, nyuma machungwa. Kwetu hayupo, anaanzia Maldives kwenda mashariki. Sentimita 11, anakula mwani na nyama, mtundu kidogo, wengine wanadonoa. Kuna Ecsenius stigmatura, mdogo wa sentimita 6, wa Ufilipino na Indonesia, huyu ndiye ningemtafutia mtu mwenye tangi dogo. Na kuna Ecsenius nalolo, wa pwani yetu na Bahari ya Shamu, mdogo pia, mpole wa rangi. Madukani haonekani mara nyingi, na ukimkuta usimpite kwa kuwa hang'ai.

Halafu Meiacanthus mossambicus, wa Msumbiji, Komoro na pwani hii. Ana rangi ya zeituni, mkia wa njano, na anaogelea katikati ya maji muda wote badala ya kukaa jiweni. Mpole kwa wenzake, hagusi matumbawe. Lakini ana chonge mbili ndefu za chini zenye sumu. Samaki mkubwa akimmeza, anang'atwa ndani ya kinywa na kumtema. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kwamba sumu ya bleni wa jenasi hii ina peptidi za jamii ya opioidi na inashusha shinikizo la damu. Kwa mtu ni kama kuumwa na nyigu, ila usimshike kwa mkono. Mhamishe kwa chombo, ndani ya maji.

Mmoja tu kwa tangi. Usimwekee mwenzake wa umbo hilo, na gobi wapole wa kukaa chini uwape nafasi mbali naye. Kuna wauzaji wanaowachanganya bleni na gobi, kwa hiyo jua hili: gobi ana mapezi mawili ya mgongoni na mapezi ya tumboni yameungana kama kikombe; bleni mara nyingi ana pezi moja refu mgongoni, ya tumboni yameachana, na wengi wana vijinywele juu ya macho.

Na funika tangi kwa wavu. Wote wanaruka.

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Dada, mambo haya kwa nini hayaandikwi mlangoni mwa duka! Nimefunga wavu leo leo.

Swali linalonisumbua. Mimi nakwenda kisiwani Mbudya na watoto mara kwa mara. Kwenye vidimbwi maji yakipwa nawaona visamaki vya kahawia vinaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Si ni bleni hao? Kwa nini ninunue wakati wapo?

Bamvu78 · Unguja

Ni bleni, kweli, lakini wale warukaji si Salarias. Ni wa kuishi penye mpaka wa maji na hewa, mawimbi yanawapiga, wanatoka nje kabisa ya maji. Tangini kwako hawatakuwa na mahali pa kutokea, na wavu uliofunga leo ndio watakaokuwa wanaugonga usiku kucha.

La pili, Mbudya ni hifadhi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vimetengwa tangu 1975. Hapo hachukuliwi samaki wala jiwe. Mafia vilevile tangu 1995, huku kwetu Chumbe tangu 1994, na upande wa Kenya Watamu na Malindi tangu 1968. Nje ya hifadhi pia kukamata samaki wa mapambo kuna vibali vyake, nenda ofisi ya uvuvi uulize. Matumbawe magumu na Tridacna yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyasafirisha nje ya nchi bila karatasi ni kosa. Nimeiona miamba yetu ilivyokuwa kabla ya 1998 na ilivyokuwa baada ya joto la bahari la mwaka ule, matumbawe yote meupe. Ikarudi kidogo kidogo, 2016 ikapigwa tena. Mtoto akiingia majini na miwani, ukamwonyesha bleni kwenye tundu lake, huyo ameshampata. Mwache pale pale.

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Nimekuelewa mzee wangu. Nitanunua miwani ya watoto.

*(Baada ya siku 12)*

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Nimerudi dukani, sikununua. Yule Salarias bado yupo. Nikamwomba muuzaji amlishe mbele yangu, nione kama anakula. Akatia punje, samaki hakusogea. Nikainama nikamtazama kwa mbele, tumbo limebonyea. Nimeondoka na moyo mzito. Nilitaka kumchukua nimwokoe.

MamaMatumbawe · Mombasa

Najua unavyojisikia. Ila huna mawe ya mwani ya kumlisha miezi ijayo, wala hujaandaa karantini, tangi la kumtenga samaki mgeni kwanza. Ungemhamishia njaa yake nyumbani kwako. Ulichoweza kumfanyia ni kumweleza muuzaji habari ya mwani uliofungwa kwenye jiwe. Mrudie umweleze kwa upole, wauzaji wengi wanapenda kujifunza, samaki akifa wao pia wamepata hasara.

Na karantini usiiruke utakapompata wako. Tangi la lita 40 hadi 60, hita, chujio la sponji, vipande vya bomba la plastiki awe na pa kujificha, wiki nne. Bleni hawa hawana magamba, mwili wao umefunikwa na ute tu, kwa hiyo dawa usimimine kwa kukisia. Shaba kwenye tangi la matumbawe ndiyo usitie kabisa, itaua konokono na matumbawe. Cryptocaryon, ule ugonjwa wa vidoa vyeupe, ukiingia kwenye mawe hai itabidi uwatoe samaki wote na kuliacha tangi tupu kwa wiki nyingi. Wafugaji wengi wanaliacha siku 76. Wiki nne za kusubiri mlangoni ni nafuu sana.

Mskati_Unguja · Muscat

Na siku ya kumleta: taa zima, mfuko uelee dakika 15 joto lilingane, kisha dondoshea maji ya tangi tone kwa tone kama saa moja. Maji ya mfuko mwaga, usiyatie tangini. Umeme ukikatika, uwe na pampu ya hewa ya betri karibu.

*(Baada ya wiki 9)*

Kibaraza_Tabata · Dar es Salaam

Ndugu zangu, salaam. Kwanza mwani: maji ya RO na taa saa 8, wiki ya tano utando ulianza kukonda, sasa kioo nasugua mara moja kwa wiki. Hakuna samaki aliyegusa.

Pili, nina Midas. Nilimwona wiki ya tatu baada ya mazungumzo yetu, nikaomba alishwe, akatoka shimoni na kunyakua mysis mara nne. Karantini alikaa wiki nne, alichagua bomba la nusu inchi akawa anachungulia. Tangini ana siku 18. Amechukua tundu chini ya tumbawe la ngozi, anaingia kinyumenyume kama alivyosema mzee. Rangi imebadilika: alikuwa kijivu cha buluu, sasa anaelekea dhahabu. Mwanangu wa miaka sita ndiye anayemlisha saa kumi na mbili jioni na hakosi hata siku moja.

Bamvu78 · Unguja

Maashallah. Mwambie mtoto babu yake wa Unguja anamsalimu. Akija likizo nitampeleka Chumbe akawaone wakiwa na anthia wao.

Tausi_wa_Meru · Arusha

Mimi nilikaa kimya kwa sababu niliogopa kuandika mapema.

Mwani wa sushi aliukataa siku nne. Siku ya tano nilipoamka pembe moja ilikuwa imekatikakatika kama iliyopigwa na mkasi butu. Rojo alilipokea siku hiyohiyo niliyolishusha. Ndoo zilichelewa, baridi ya Juni haikuniachia, ikabidi niweke hita ndogo humo. Mawe ya kwanza ya kijani yalitoka baada ya wiki tatu na nusu. Nilipoyaingiza alihama tundu lake, akalala juu ya jiwe jipya usiku ule.

Tumbawe la ubongo haligusi tena. Nikimtazama kwa mbele sasa tumbo limejaa pande zote mbili. Na asubuhi hii nimewasha taa nikakuta kioo cha nyuma, kile nilichoacha kusugua, kimejaa alama za midomo yake, viduara vidogo vidogo vimepangana kutoka mchangani mpaka usawa wa pampu. Nimekaa chini nikavihesabu mpaka nikachelewa kazini.

MamaMatumbawe · Mombasa

Dada Tausi, umenitoa machozi. Ndoo usiziondoe juu ya banda hata akinenepa. Na jiwe lile alilolalia usilirudishe bado, mwachie mpaka alimalize.